Barua ya wazi kwa wakubwa wa maji wilayani kwetu: lile chujio la aseniki, nani ana uhakika kama bado linachuja?

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Kwa Ndugu Meneja wa Maji wa Wilaya,
Na kwako Mheshimiwa Diwani wetu,

YAH: KUTELEKEZWA KWA CHUJIO LA ASENIKI KWENYE KISIMA KIREFU CHA KIJIJI

Salaam kwenu wote na poleni na majukumu ya kila siku.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Jina la kijiji na la wilaya siliweki hapa, nyinyi mnajijua na sisi tunajijua, na sitaki jambo hili ligeuke kuwa la fulani na fulani. Tumeshapita njia zote za heshima: barua ya mkono kupitia ofisi ya kijiji, tukaja ofisini tukakalishwa kwenye benchi, tukauliza kwenye mkutano wa hadhara mbele ya watu tukaambiwa "limepokelewa, linafanyiwa kazi". Sasa kama linafanyiwa kazi huko linakofanyiwa, huku chini hatuioni hiyo kazi, ndo maana naandika hadharani.

Kwa wasomaji ambao hamko huku kwetu, niwaeleze kidogo. Tuko Kanda ya Ziwa, kwenye ukanda wa dhahabu. Miamba yenye dhahabu huku mara nyingi imebeba na aseniki, ambayo ni sumu, kuna madini yanaitwa asenopairaiti, mchanganyiko wa chuma, salfa na aseniki, na maji ya chini ya ardhi yakikaa humo miaka na miaka yanaibeba. Hiyo ni ya asili, hakuna wa kumlaumu. Halafu juu yake tunaongeza ya kwetu: mawe yanatolewa kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji), yanasagwa kwenye makarasha, marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yanaachwa vichuguu vichuguu yananyeshewa mvua. Watafiti wa vyuo vyetu hapa hapa Tanzania wameshapima visima vya ukanda huu na wakachapisha kwamba baadhi vimepita kiwango, kwa hiyo hizi sio stori za vijiweni. Kiwango chenyewe cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, zamani ilikuwa 50 wakaishusha mwaka 1993. Ukitaka kupata picha ya hizo mikrogramu 10, ni gramu moja ya aseniki iliyochanganywa kwenye maboza kumi ya lita 10,000 kila moja. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu anakunywa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, baadaye viganja na nyayo zinaanza kuwa ngumu na vidutu, ngozi inapata mabaka, na huko mbele ni kansa ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu.

Kisima chetu kilipopimwa mwanzoni kikaonekana kimepita kiwango, na kiukweli hapo serikali na mfadhili walifanya jambo la maana, hawakukifunga wakatuacha na madimbwi, walileta chujio. Tangi la bluu limesimama pale pembeni ya pampu ya sola, ndani limejazwa punje za rangi ya kahawia nyekundu, kimsingi ni kutu ya chuma iliyotengenezwa kiwandani. Maji yanapita katikati ya punje, aseniki inanata juu yake, maji yanatoka. Halishiki kama chekecheo linavyoshika uchafu mkubwa, hapana, hapa ni kunata, na sehemu za kunatia kwenye kila punje zinahesabika. Zikijaa zimejaa. Na sio aseniki peke yake inayozigombania, fosfeti iliyomo majini nayo inataka kukaa hapo hapo, silika nayo, na pH ya maji ikipanda, yaani maji yakipungua uchachu, kunata kunapungua. Halafu kuna aseniki ya aina mbili, ile ya daraja la tano inanata vizuri, ile ya daraja la tatu ambayo iko zaidi kwenye maji ya chini yasiyo na hewa ni mbishi, mpaka uigeuze kwanza kwa klorini au kitu kama hicho ndo ikubali. Haya yote yaliandikwa kwenye kitabu cha mtambo, tuliona kinakabidhiwa siku ya uzinduzi.

Sasa wakubwa zangu, huku kwetu ndo sehemu ya mwisho kabisa nchi hii ambapo mtu anaweza kujifanya haelewi kitu hiki. Kila kijana wa huku aliyefanya kazi kwenye plant za marudio anajua kaboni. Marudio yanalowekwa kwenye sayanaidi, dhahabu inayeyuka ndani ya maji, maji yanapitishwa kwenye kaboni ile ya vifuu vya nazi, dhahabu inanata, kaboni ikishiba inabebwa inapelekwa elusheni, kule inakovuliwa dhahabu. Nionyesheni mwenye plant mmoja tu ambaye aliweka kaboni, akaondoka, hakurudi kuipima, akaamini miaka yote kwamba bado inakamata. Hayupo! Mwenye plant anapima maji yanayoingia, anapima yanayotoka, kaboni anailindia na mgambo usiku kucha maana kila tone linalopita bila kunaswa ni hela yake inakwenda. Akili ile ile, kazi ile ile, tofauti ni kwamba pale kinachopita kikiponyoka kinaumiza mfuko wa tajiri, hapa kinapita kinaingia kwenye sufuria za ugali za watu ambao hawana wa kuwalilia.

Malalamiko yetu ni haya:

1. HAKUNA ANAYEJUA CHUJIO LIMEPITISHA LITA NGAPI. Mita iliyofungwa baada ya tangi ilisimama siku nyingi, kioo kimeingia ukungu, namba hazisogei. Na hili ndilo jambo la kwanza mtu yeyote anatakiwa kuuliza, kwa sababu uhai wa hizi punje unahesabiwa kwa maji yaliyopita, sio kwa jinsi tangi linavyong'aa. Tuchukue mfano tu. Tuseme ndani kuna lita 200 za punje, na tuseme mtengenezaji ameandika zinaweza kusafisha maji mara 20,000 ya ujazo wake. Hiyo ni lita milioni 4. Kijiji kikichota ndoo 400 za lita 20 kwa siku ni lita 8,000, gawanya, unapata siku 500, yaani mwaka mmoja na miezi kama minne hivi. Na hizo 20,000 za mtengenezaji ni za maji mazuri ya maabara, maji ya kwetu yenye fosfeti na silika yanaweza kuzila mapema zaidi. Sisi tangu uzinduzi tumeshavuka hapo kwa mbali na punje ni zile zile. Sisemi kwamba hesabu yangu ndo ya kweli ya tangi letu, nasema nyinyi wenye kitabu na wenye mkataba mlitakiwa kuwa na hesabu yenu na hamna, maana tulipouliza hakuna aliyetaja hata namba moja.

2. BAIPASI IKO WAZI. Hili naliandika kwa uchungu kuliko yote. Bomba likitoka kwenye pampu linagawanyika, tawi moja linaingia kwenye tangi la chujio, lingine linazunguka nyuma kwenda moja kwa moja kwenye tenki la juu, na hilo la kuzunguka lina koki ya mkono mwekundu. Ukifika pale leo utakuta mkono mwekundu umelala sambamba na bomba, maana yake imefunguliwa. Fundi wetu wa kijiji hakuficha, alisema maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo kwa sababu chujio lilikuwa limeziba na kutu na tope, akina mama wakawa wanapiga kelele foleni haiendi, alipiga simu wilayani akaambiwa "fungua baipasi kwa muda tunakuja". Muda gani huo jamani? Yaani maji yanazunguka chujio, yanapanda juu, yanashuka kwenye koki, presha safi kabisa, watu wanafurahi, na aseniki yote iko humo humo. Simlaumu fundi, yeye ni kijana anayelipwa posho ya vocha, alifanya alichoambiwa.

3. VIPIMO VINAVYOFANYIKA SIO VYA HIKI KITU. Mara ya mwisho wataalamu walikuja wakapima klorini, tope na vijidudu, vizuri, tunashukuru, kipindupindu nacho kinaua. Ila aseniki haionekani kwenye kipimo cha vijidudu hata ukiomba dua. Halafu yule aliyechukua sampuli "ya metali" alijaza kwenye chupa ya maji ya dukani iliyokwishatumika. Mtu yeyote wa maabara ya maji atakuambia sampuli ya metali inawekwa kwenye chupa safi maalum na inatiwa asidi ya naitriki kidogo, la sivyo aseniki inaganda na kutu inashuka chini au inanata kwenye kuta za chupa, na unapopima juu unakuta kidogo unaandika "maji ni salama". Na hata hiyo sampuli majibu yake hatujayaona mpaka leo. Na alichota kwenye koki, hakuchota kabla ya chujio na baada ya chujio, sasa utajuaje chujio linafanya kazi kama huna namba mbili za kulinganisha?

4. MAJI YA KUOSHEA CHUJIO YANAMWAGWA MTARONI. Enzi chujio likioshwa kwa kurudisha maji nyuma, yanatoka mekundu kama damu ya mzee, yanaingia kwenye mtaro unaopita bustani za mchicha na ng'ombe wanakunywa humo. Ile kutu nyekundu ndo imebeba aseniki tuliyoitoa. Na mtaro ule chini una tope jeusi lisilo na hewa, na kwenye tope la namna hiyo chuma huyeyuka na kuiachia aseniki iliyoshika. Hiki ndicho kilichotokea chini ya ardhi ya Bangladesh, chuma kikaachia aseniki ndani ya maji ya visima vifupi vilivyochimbwa kwa nia njema tangu miaka ya 1970 ili watu waache maji machafu ya madimbwi, na mamilioni wakawa wanakunywa sumu kabla haijagundulika mwaka 1993. Na siku punje zikibadilishwa, zile za zamani zitakwenda wapi? Tumeuliza hilo pia, tukaambiwa "zitazikwa". Wapi, na nani?

5. HELA. Ndoo ni shilingi 50. Kwa ule mfano wangu wa ndoo 400 ni shilingi 20,000 kwa siku, kwa siku 500 ni milioni 10. Tuliambiwa kwenye mkutano sehemu ya hela hiyo inawekwa akiba ya kubadilisha punje. Iko wapi akiba? Daftari la jumuiya ya watumia maji limekwenda "kukaguliwa" na halijarudi.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo niyajibu mapema tusipotezeane muda.

Mtasema bajeti haijatoka. Kufunga koki ya mkono mwekundu hakuhitaji bajeti, kunahitaji mkono. Mita mpya haina bei ya kushindwa halmashauri.

Mtasema mradi ulikuwa wa mfadhili na mfadhili ameondoka. Sawa, lakini siku ya utepe mfadhili alikabidhi na mtu wa wilaya akasaini, picha zipo. Na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira namba 5 ya mwaka 2019 imeshaweka wazi mfumo wa kusimamia maji vijijini, hakuna mahali imesema mtambo ukija kwa msaada basi ni yatima.

Mtasema tuchemshe. Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, aseniki haiendi na mvuke, maji yanapungua yenyewe inabaki, kwa hiyo ukichemsha sana unaiongeza ukali. Kuna ofisa mmoja alitushauri tununue yale machujio ya udongo au ya mkaa ya madukani, na hayo nayo hayakutengenezwa kwa aseniki, mkaa mtupu bila chuma unaikamata kidogo sana. Mkaa ni mzuri kwa harufu na kwa baadhi ya kemikali, kila kitu kina kazi yake.

Mtasema hakuna aliyekufa. Hili sitalijibu kwa hasira. Aseniki haiui kama nyoka, dalili zinakuja baada ya miaka, na zahanati yetu haina fomu ya kuandika "mabaka ya ngozi, anakunywa kisima namba fulani". Usipohesabu hupati idadi.

Mtasema utaalamu hakuna. Hapo nakataa kabisa. Arusha kule Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kimehangaika na floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe miaka mingi, floraidi sio metali lakini kanuni ya kunata ni ile ile na tatizo la kujaa ni lile lile. Dk. Askwar Hilonga wa taasisi ya Nelson Mandela hapo hapo Arusha alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kutoka Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la mchanga na chembe za nano, linalopangiliwa kulingana na maji ya sehemu husika. Mwanza kuna maabara ya maji. Watu tunao, hawajapigiwa simu tu.

Na kama mnadhani tunakuza mambo, someni ya India. West Bengal walifunga mitambo mingi ya kuondoa aseniki vijijini, watafiti wakaifuatilia, na taarifa yao ya mwaka 2005 ilionyesha mitambo mingi haikushusha aseniki kufikia kiwango au haikutegemewa, na matunzo mabovu yalichangia. Na jirani zao Bangladesh ndo huko alikozaliwa Profesa Abul Hussam, aliyepata tuzo ya Grainger ya dola milioni 1 mwaka 2007 kwa chujio la nyumbani la chuma na mchanga, ndoo mbili zimepandana. Ukanda ule ule wa dunia, aseniki ile ile, kwingine linafanya kazi na kwingine ni mapambo, kwa sehemu kubwa ni suala la nani anarudi kuangalia.

TUNACHOOMBA:

Kwanza, baipasi ifungwe wiki hii. Kama chujio limeziba na maji hayatoki, semeni wazi kwamba maji ya kunywa hayapo, tutajipanga. Bora foleni tunayoijua.

Pili, zichukuliwe sampuli mbili, kabla ya chujio na baada yake, kwenye chupa za maabara zenye asidi, mbele ya wajumbe wa kamati ya maji, na majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo ofisi ya kijiji, zahanati na shule. Kile kipimo cha haraka cha karatasi inayogeuka njano mpaka kahawia kinaweza kufanyika pale pale kisimani chini ya nusu saa, kila kata iwe nacho na mtu aliyefundishwa, halafu maabara ithibitishe.

Tatu, pampu zipakwe rangi kama walivyofanya Bangladesh, nyekundu usinywe, kijani kunywa. Mtoto wa darasa la kwanza anaelewa, na bibi yangu asiyejua kusoma anaelewa.

Nne, punje zibadilishwe kama namba zitaonyesha zimejaa, na kabla ya kubadilisha tuambiwe za zamani zinakwenda wapi, kwa maandishi. Maji ya kuoshea chujio yajengewe shimo la saruji, mtaro uachwe kwa maji ya mvua.

Tano, mita mpya, na daftari pale pale kwenye kibanda cha pampu: tarehe, lita, presha kabla na baada ya tangi, nani ameosha. Fundi alipwe mshahara unaoeleweka ili aweze kuulizwa.

Sita, hesabu ya shilingi 50 isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mapato yote na kilichowekwa akiba.

Na katikati hapo, mpaka yote haya yakamilike, tunaomba boza la maji ya kunywa na kupikia peke yake, au matenki ya kuvunia mvua kwenye paa za shule na zahanati. Hatuombi maji ya kuogea wala kufulia, kwa hayo kisima kile kinatosha, aseniki inapita kwenye ngozi kidogo mno. Kwa hiyo msije mkatuambia gharama ni kubwa kwa kupiga hesabu ya kila ndoo ya kijiji, pigeni hesabu ya kinachoingia mdomoni.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakaa kila baada ya miezi mitatu na ujao uko karibu. Tunaomba mje wenyewe au mmtume mtu mwenye namba mkononi, sio mtu wa kuja kupokea tena. Msipokuja, tumeshakubaliana hapa kila kaya itachanga, tutapeleka sampuli zetu maabara Mwanza na risiti zake, na majibu tutayaweka hadharani yakiwa yalivyo, yakiwa mazuri tutawashukuru kwa sauti ile ile.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi na mnunuzi wa ndoo za shilingi 50

Nakala:
Mwenyekiti wa Kijiji
Mganga Mfawidhi wa Zahanati
Mwalimu Mkuu wa Shule ya Msingi (watoto wanachota kwenye koki ile ile)
Jumuiya ya Watumia Maji, pamoja na ombi la daftari kurudi